Honorable wa Anderlecht

Mume wangu Constant alikuwa mbunge wa jimbo kule Katanga kwa muhula mmoja tu, lakini kwetu cheo hicho hakivuliwi. Aliyewahi kuwa Honorable ni Honorable hadi kaburini. Hata hapa Brussels Wakongo humwachia kiti kwenye tramu na kumwita hivyo. Nami nilizoea, mpaka jikoni: Honorable, chai iko tayari.

Shida ni kwamba Honorable habebi maboksi. Binamu yangu Ghislain alimtafutia kazi kwenye ghala moja huku kwetu Anderlecht, akamletea na viatu vya kazi. Wanataka mtu Jumatatu, alisema, la sivyo watamchukua mwingine. Constant akajibu kwamba atafikiria. Mimi nilikuwa nimechoka. Nawaogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee kule Koekelberg, nawageuza, nawalisha, narudi mgongo umekufa ganzi, namkuta sebuleni na tai shingoni akisubiri simu ya chama kutoka Lubumbashi. Mwaka mwingine wa namna hiyo nisingeuweza.

Badala ya kufikiria ghala, akazama kwa Mmarekani wake. Alinunua sokoni kitabu chakavu cha maisha ya Elbridge Tolland, mbunge wa Ohio wa karne ya kumi na tisa, na kanisa letu likamwomba atoe mhadhara juu yake Jumapili. Kila jioni nilikanda miguu yangu huku nikisomewa habari za Tolland: baba yake fundi wa magurudumu, yeye mwenyewe mwanasheria wa kujifundisha, jinsi alivyowapigania wajane wa vita kule Washington, jinsi alivyoangushwa kwenye kura. Hapo Constant alifunga kitabu kila mara. Sehemu iliyobaki niliisoma mwenyewe kwenye metro, maana nilitaka kujua mwisho wake.

Jumapili ukumbi wetu karibu na barabara ya Chaussée de Wavre ulijaa. Mchungaji alipomtangaza Honorable, wote tulisimama kama desturi yetu. Akaanza na itifaki, akisalimu kila mwenye cheo: mchungaji, mashemasi, daktari, rais wa akina mama. Mke hana cheo, kwa hiyo sikutajwa. Alizungumza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Alipofika kwenye kura iliyomwangusha Tolland, akakusanya karatasi zake na watu wakapiga makofi.

Nikainua mkono.

“Honorable, niko na question moja. Kiisha kupoteza ma élections, huyu muntu alikuwa anakula nini?”

Watu wakacheka. Constant hakucheka. Alinitazama, akajua nimesoma. Angeweza kunijibu kwa Kifaransa kizuri na kupita, ndiyo kazi aliyoizoea.

“Bibi yake alikuwa anashona bakofia,” akasema polepole, akimaanisha mke wa Tolland. “Donc, bibi ndiye alikuwa anamulisha. Yeye alikuwa anangojea bamuite Washington. Habakumuita.”

Nilidhani nitafurahi. Kumbe niliona aibu, na huruma juu yake, nikatamani ningekaa kimya.

Tulirudi kwa metro. Tulipokaribia kituo chetu akavua tai, akaikunja na kuitia mfukoni.

“Bibi ya ule muntu,” akasema, “hata jina yake sikuishika.”

“Harriet,” nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza kama Ghislain anapatikana saa hizi kwenye simu.

Jumatatu aliamka kabla yangu. Nilimsikia mlangoni akihangaika na vile viatu, halafu ngazi, halafu kimya. Nilipoingia jikoni chakula chake cha kazini kilikuwa bado mezani. Nikafungua dirisha. Alikuwa akitembea kuelekea kwenye maghala, katikati ya wanaume wengine wenye viatu kama vyake. Neno langu la siku zote lilikuja mdomoni, nikalimeza.

“Constant,” nikaita, “unasahau chakula.”

Hakugeuka. Ilibidi niite tena ndipo akajua ni yeye.