Nukta Isiyosogea

Kiyoyozi cha ofisi ya upimaji ardhi kilikuwa kimeharibika tena, kwa hiyo Macho aliweka feni juu ya rundo la mafaili na kuendelea kupandanisha picha mbili za mtaa mmoja. Zote zilipigwa kutoka angani: moja kabla nyumba hazijabomolewa kupisha barabara, nyingine baada ya tingatinga kumaliza kazi. Jina la Macho alipewa na wenzake, maana picha ikienda upande hata robo ya pikseli, robo ya ile nukta ndogo kabisa inayojenga picha, yeye huumwa kichwa.

Kazi yenyewe haina maajabu. Unatafuta vitu ambavyo havikusogea, pembe ya ukuta au mfuniko wa shimo la majitaka, unavitia alama katika picha zote mbili, kisha unaivuta moja mpaka ikae sawasawa juu ya nyingine. Tatizo ni kwamba mtaa ule haukubakiwa na kitu. Kompyuta ilihangaika, ikaleta nukta moja tu ya kushikizia picha, katikati ya kifusi, kosa sifuri: hapo hakuna kilichosogea. Macho akaifuta. Ikarudi. Akaifuta tena, ikarudi palepale.

Akaikuza picha ya zamani. Nukta ilikaa juu ya bati la nyumba ya shangazi yake, usawa wa chumba cha kulala.

Nyumbani kwao shangazi alikuwa hatajwi. Baba alimnunia tangu bomoabomoa: kapata makazi mapya, kahama, hata kuaga hakuaga. "Mwacheni aringe," alisema. "Akichoka atapiga simu."

Macho akaikubali nukta. Picha zikapandana bila ukungu hata kwenye kingo, na shangazi akawa amekaa kwenye kiti cha wageni, kitambaa cha kichwa kimejaa vumbi la saruji.

"Geuza hiyo feni, mwanangu. Inanitimulia vumbi."

Macho akaigeuza. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Baba yako hajambo?"

"Hajambo. Amekununia. Anasema ulihama bila kuaga."

"Nihame niende wapi? Nilikuwa nimelala na homa. Nikasikia hodi, nikaitikia, naja. Sijavaa hata kandambili, ukuta ukaja."

Mtu kutoka kwenye picha halikuwa jambo geni; zikipandana vizuri mno huvuja, na majuzi lilivuja dimbwi zima, mhudumu akapiga deki. Kilichomkata Macho maini ni ile "naja". Mtu aligonga, akaitikiwa, akaondoka.

Mkuu wa kitengo akaingia na kikombe chake cha chai. Alimsalimia shangazi, akainamia skrini.

"Safi kabisa! Umeipataje hii?"

"Ndiye huyu, bosi. Yuko chini ya kifusi. Wajenzi wa barabara wasimamishe kazi tumtoe!"

Mkuu alimtazama shangazi kwa huruma ya kweli. "Pole sana, mama." Kisha akamgeukia Macho. "Ripoti ishasema wakazi wote walihama. Halafu tukimtoa, picha za mwezi ujao tutazishikiza wapi? Hatuna nukta nyingine."

Macho akampigia baba yake simu kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Baba, fundi bomba, alipitia kwanza kwenye kifusi na sururu yake. Walinzi wakamrudisha: hapa hakuna mtu, mzee. Alipofika ofisini akapiga magoti mbele ya dada yake, akalia kwa kwikwi.

"Basi, nyamaza," shangazi alimwambia. "Ningekupigia. Simu ninayo, iko chini ya mto, ila mkono haufiki."

Lami ikamwagwa. Kila zikija picha mpya shangazi huja, na baba huja kukaa naye. Mkuu alimnunulia mto wa kiti kwa hela yake mwenyewe. Juzi shangazi alilalamika kwamba jua la dirishani linamchoma, akaomba asogezwe kivulini kidogo. Mkuu akamwomba, kwa adabu zote, asisogee.