Wifi Aliyeomba Daktari Mwingine

Wauguzi walimpa jina la Mama Haraka, naye hakuwahi kulikasirikia. Chai aliinywa akitembea, simu aliipokea akivaa viatu, na lifti ikichelewa kidogo tu alikuwa ameshapanda ngazi. Kazi yake ilikuwa kuwatibu kwa upasuaji watoto ambao bado hawajazaliwa. Alipitisha bomba jembamba lenye kamera kwenye tumbo la mama, akatengeneza kilichoharibika, akatoka, na mtoto akaendelea kukua humo humo. Alikuwa ameisomea ng'ambo miaka mingi, ndoa ikamponyoka katikati ya masomo. Aliporejea akajikuta ndiye pekee anayeiweza katika hospitali nzima.

Msaidizi wake alikuwa daktari aliyeongea taratibu mno, basi naye wakambandika jina la Mpole. Mpole alikuwa na mkono mzuri. Mama Haraka alilijua hilo, ila kila alipomwachia kifaa, kabla Mpole hajakizoea, alikuwa ameshamnyang'anya. Alimwambia bado, bado kidogo.

Asubuhi moja kaka yake akampigia simu. Mkewe alikuwa na mimba ya mapacha, na tumbo lilikuwa limejaa ghafla hata akilala hapumui vizuri. Mama Haraka akamwambia amlete saa ile ile.

Alimpima mwenyewe, Mpole akiwa pembeni. Picha haikuwa na utata. Mapacha wale walichangia kondo moja la nyuma, na mishipa ya kondo ilikuwa ikimnyima mmoja damu na kumzidishia mwenzake. Mmoja alielea kwenye maji mengi kupita kiasi. Mwingine, mdogo, alikuwa amebanwa kwenye ukuta wa mji wa mimba kama aliyefungwa kwenye mfuko uliokauka. Ilibidi mishipa ile ichomwe kwa mwale wa leza, la sivyo wangepotea wote wawili. Kaka yake aliuliza swali lile lile mara kadhaa, akisahau kwamba ameshajibiwa. Mama Haraka tayari alikuwa mlangoni, anaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe.

"Wifi, simama kwanza," mgonjwa akasema kutoka kitandani. "Sitaki unifanyie wewe."

Hawakuwa wamegombana, lakini hawakuwahi kuzoeana pia. Hata kwenye harusi, Mama Haraka aliitwa kazini kabla ya chakula, akaaga kwa kupunga mkono. Sasa uso ukamwaka moto. Akaeleza, kwa sauti ya kikazi, kwamba hakuna mwingine mwenye uzoefu huo. Wifi akamwonyesha Mpole kwa kidevu, akauliza kama yeye hajui. Mama Haraka akakiri kwamba anajua.

"Basi anifanyie yeye," wifi akasema. "Mtoto wangu akifia mikononi mwako, kila nikikutazama nitamwona yeye. Na hapo nitamlilia nani? Daktari mwingine yupo. Shangazi yao ni wewe tu."

Kaka akaanza kumsihi mkewe abadili mawazo. Mama Haraka akamzuia, akatoka nje, akaenda hadi mwisho wa korido na kurudi, hasira na aibu vikimpanda pamoja. Alipomkabidhi Mpole kazi ile, alisema kwamba atasimama nyuma yake. Muuguzi mkuu, aliyefanya naye kazi tangu mwanzo, akamvuta kando.

"Ukiingia utamnyang'anya kifaa," akamwambia. "Na unajua."

Basi akabaki nje na ndugu wa wagonjwa wengine. Kaka yake alikaa kwenye benchi, amepakata ndala za mkewe. Mama Haraka hakuweza kukaa. Kila hatua ya mle ndani aliijua: sasa wanatia ganzi, sasa kamera imeingia, sasa anatafuta mshipa wa kwanza. Kaka alipomwuliza wanafanya nini, alimweleza yote, mpaka mwenyewe akamwomba anyamaze. Vidole vya Mama Haraka vilikuwa vikicheza mifukoni mwa koti, vinazungusha kifaa kisichokuwepo. Mara moja alifika mlangoni akaushika mpini. Akauachia. Akaenda kunawa mikono hadi viwikoni, kisha akabaki anaitazama inavyochuruza maji, haina pa kwenda.

Mpole alitoka barakoa ikining'inia shingoni. Alisema mishipa yote imefungwa na mioyo yote miwili inapiga. Mama Haraka akamwuliza juu ya kamshipa kadogo ambako hujificha ukingoni. Mpole alikuwa amekaona.

Siku chache baadaye, moyo wa yule mdogo ulisimama.

Mpole ndiye aliyewaambia wazazi. Mama Haraka alipofika wodini alivua koti jeupe, akalitundika nje ya mlango, akapanda kitandani kando ya wifi yake. Wifi akamwangukia begani, akalia kilio cha kukata pumzi, naye akalia vile vile, kwa sauti, wauguzi wakipita na kujifanya hawaoni. Kaka yake alisimama dirishani, amewapa mgongo.

Lakini moyo wa Mama Haraka haukutulia. Alijifungia ofisini na video ya upasuaji ule, akaitazama, akairudisha nyuma, akaitazama tena, akitafuta mahali Mpole alipoteleza. Hakupaona. Hilo lilimuuma kuliko kama angepaona. Mpole alipokuja kusema kwamba anafikiria kuacha kazi hii, alimkuta bado yuko mbele ya kioo cha kompyuta.

"Nimeitazama yote," akamwambia. "Ningefanya vile vile, na angekufa vile vile. Kesho kuna mama mwingine. Utaanza wewe na utamaliza wewe."

Siku iliyofuata alisimama nyuma ya Mpole, mikono ameikunja kifuani, kucha zimezama kwenye nyama ya mkono, na hakugusa kitu.

Pacha aliyebaki alizaliwa kwa upasuaji kabla ya wakati, msichana mwenye ngozi ya mikunjo na sauti kubwa kuliko mwili wake. Alipotolewa kwenye mashine ya joto, wifi alimpakatisha shangazi yake, akamtazama kidogo, kisha akamsogeza mkono.

"Shika kichwa vizuri. Kwani hujawahi kubeba mtoto?"

Mama Haraka akasema ukweli, kwamba karibu hajawahi. Wifi akacheka hadi akashika mshono. Halafu machozi yakamtoka, na Mama Haraka akasogea, mtoto akiwa katikati yao, akamwacha alie.