Alisambaza Kabla Hajamaliza Kusoma

Fundi saa hakuwa na mke, kwani alikwishamzika. Hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na cheti ukiacha kile cha masomo ya watu wazima, na tangu watu waanze kutazama saa kwenye simu, hakuwa na wateja wa kujivunia. Lakini alikuwa na binti, na binti alikuwa na blogu. Basi mzee alijiona tajiri.

Binti aliishi mji wa mbali pamoja na mumewe. Kila alichoandika, iwe juu ya mvua, jirani mwenye kelele au marehemu mama yake, alimtumia baba kwanza. Baba naye hakuwa na subira. Akishaona mistari miwili tu, alibonyeza kusambaza, na ukoo mzima na mafundi wenzake wakapata. Ndipo alipovaa miwani.

"Mzee, umekuwa redio," kinyozi wa mlango wa pili alimtania.

"Wivu tu huo. Wa kwako anaandika nini?"

"Wa kwangu anaandika ukutani, kwa mkaa!"

Asubuhi moja ujumbe uliingia akiwa ameshika kibano. "Baba, leo nyumba ina ukimya nisiouzoea..." Mzee akatabasamu. Kaanza huyo! Akabonyeza kama kawaida yake, akamaliza kufunga mfuniko wa saa, kisha akasoma. Mume ameondoka na nguo zake zote. Mimba ya tatu nayo imeharibika. Na chini kabisa: "Sijamwambia mtu ila wewe."

Aliufuta ujumbe upesi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Shangazi alikuwa ameshawapelekea mawifi, mawifi wakawapelekea mashoga zao, na kufika adhuhuri maneno yale yalikuwa kwenye ukurasa wa umbea, chini yake nyuso za kucheka zimejipanga kama siafu.

Binti alipiga simu mara moja tu.

"Baba, umenianika."

"Mwanangu, sikufika mwisho. Haki ya Mungu, sikufika..."

"Hukufika mwisho? Kumbe siku zote hizo ulikuwa hunisomi?"

Simu ikakatika. Binti akaifuta blogu, akamfungia baba yake kila njia ya simu na ya mtandao.

Wiki ya tatu mzee alinunua karatasi. Yeye aliyejisifia mwandiko wake alichana kurasa nne, kwa kuwa kila moja ilikuwa inajitetea. Ya tano ilisema:

"Mwanangu, nilipenda kusikia watu wakikusifu kuliko nilivyopenda kukusikiliza. Kosa ni langu lote. Pole kwa watoto wako, wote watatu. Usipotaka kunijibu, usinijibu."

Kinyozi akachungulia mlangoni. "Umeandika nini leo? Hebu nisomee."

"Hapana, ndugu yangu."

Akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka gundi ikashika, akaenda nayo posta kwa miguu. Pale kwenye sanduku aliishikilia kitambo, nusu ndani, nusu nje. Kisha akaiachia.