Wafupi Mbele, Warefu Nyuma

Miaka thelathini nimepiga picha za familia, na mpango wangu ni mmoja: wafupi mbele, warefu nyuma, wanene pembeni wasizibe wenzao. Mama yangu alipovunjika nyonga, daktari akaniambia kinagaubaga kwamba hatasimama tena. Sawa. Kama yeye hawezi kwenda kwenye maua, maua yatamfuata. Nikakata shauri kumpandia bustani ya vichaka nje ya dirisha la chumba chake.

Muuza miche alifika na toroli lake akanikuta nimechora mistari ya chokaa uani, nimesimama getini, jicho moja nimelifumba.

"Mama Picha, hii ni bustani au harusi?"

"Usinicheke. Asumini akae mbele. Waridi nyuma yake, krotoni mabegani. Alamanda asimame mwisho kabisa, ukutani, ndiye mrefu."

Raha ilioje, jamani! Mikono ilinuka samadi, mgongo uliniuma, wadudu wakala majani nikawaokota mmoja mmoja kwa matusi. Na bado kila jioni nilirudi pale getini kuangalia nani kamziba nani. Waridi peke yake nilimhamisha mara tatu.

Asubuhi nilimpelekea mama chai pamoja na habari. "Waridi amefungua, mama. Alamanda ni njano tupu."

"Nayaona, mwanangu. Mazuri sana."

Maneno hayo yalinitosha kwa miezi saba.

Kisha alamanda akaoza mizizi. Nilimng'oa Jumamosi na sikumwambia mama, nisimtie simanzi. Jumapili, kabla sijafungua mdomo, akasema, "Yale ya njano leo yamechangamka kweli."

Niliweka kikombe chini. "Ya njano yapi, mama?"

"Si yale ya ukutani."

Nikapanda kitandani na viatu vyangu, nikalala kando yake, kichwa kwenye mto wake. Niliona kipande cha mbingu, waya wa umeme na tangi la maji la jirani. Basi. Ukingo wa dirisha ulikuwa umemeza bustani nzima, halikuonekana jani hata moja.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo," alisema, macho kwenye tangi. "Unaingia hapa umefurahi hivyo, mimi ningesemaje?"

Nililia, tena si kwa adabu. Mimi huyu, ambaye kila nikimpiga picha mtoto napiga magoti kwanza niwe sawa na macho yake! Bustani ya mama yangu nikaipima nimesimama getini kama mpita njia. Nilijionea aibu mpaka chai ikapoa.

Kupandisha kitanda juu ya matofali, nesi anayekuja kumwangalia alikataa katakata. Akianguka tena, alisema, tumekwisha. Kushusha dirisha, mwenye nyumba hakutaka hata kusikia. Haya, basi vichaka vyenyewe vihame. Waridi na krotoni walikuwa wamefika kifuani kwangu, kwa hiyo watakuja mbele, dirishani kabisa.

"Mizizi imeshashika," muuza miche alinionya. "Ukivihamisha sasa, nusu vitakufa."

"Nusu vitabaki. Shika jembe."

Tulichimba siku mbili. Magunia yalipotuishia, mizizi ya waridi niliifunga kwa pazia la studio, lile lililochorwa maporomoko ya maji ambalo nusu ya mji imesimama mbele yake. Muuza miche alitikisa kichwa, lakini safari hii hakucheka.

Wiki haikuisha majani yakapukutika yote. Mbele ya dirisha la mama pakabaki vijiti. Nilimwagilia asubuhi, nikamwagilia jioni, nikawasemesha, nikawagombeza. Chai nilipeleka bila habari yoyote, natazama sakafu.

Siku ya kumi mama akaweka kikombe chini.

"Hicho cha kulia kimekufa."

"Nini?"

"Kimekufa, usijidanganye. Na hiki cha katikati, chenye kichipukizi chekundu, kimepinda kama baba yako kwenye picha zake zote. Nani amekipanda hivi, mlevi?"

Kichipukizi! Mimi mwenyewe nilikuwa sijakiona. Nilitoka mbio bila viatu, nikalikumbatia lile shina la waridi kwa mikono miwili na kuanza kulisukuma. Sauti ya mama ikanifuata dirishani, kali, ambayo sikuwa nimeisikia tangu avunjike.

"Kushoto. Kidogo tena. Umezidisha, rudi! Wewe mwenyewe toka, unaniziba."

Nikachuchumaa chini ya dirisha, miiba imenichoma viganja, shina sijaliachia.

"Hapo hapo," alisema mama. "Usitikisike."

Sikutikisika.