Nukta ya Nne

Baba alikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipomtupa mkono. Binti yake, mwandishi wa programu, akamtengenezea mashine ya nukta nundu, maandishi ya wasioona: vitufe sita, kila kimoja na nukta yake na waya wake, na sauti ya kusoma neno lililoandikwa.

Siku ya kuijaribu, mama alivuta kiti karibu. Baba akapapasa vitufe, akaandika "mama". Mashine ikatamka: "Kaka."

"Miaka thelathini na minane ya ndoa," mama akasema, "leo ndiyo nimekuwa kaka?"

Walicheka. Lakini kila akirudia, kaka. Binti akaelewa: M ni nukta ya kwanza, ya tatu na ya nne, ikikosekana ya nne, inabaki K. Na nukta ya nne ilibonyezwa kwa kidole cha shahada cha kulia, kile kilichowahi kutobolewa na sindano ya cherehani.

"Baba, bonyeza kwa nguvu. Kidole kimelegea hicho."

Wiki nzima mama alimkuta baba akibonyabonya kitambaa kwa kidole hicho kimoja, akikitia nguvu.

"Usimwambie mtoto," baba alimsihi. "Ataona amepoteza muda wake kwangu."

Mama na siri wapi na wapi! Jumamosi akamwambia binti yote. Moyo ukimuuma, binti akapitia draiva yake, programu ya kuunganisha vitufe na kompyuta, mstari kwa mstari. Draiva ndiyo inayouambia mfumo pini ipi, kijino cha kuungia waya, ikiguswa itoe kikatizo, ishara ya kuifanya kompyuta iache yote isikilize. Waya wa nukta ya nne ulikuwa kwenye pini ya ishirini na mbili. Yeye aliandika ishirini na tatu, pini isiyo na waya wowote. Baba alikuwa akibisha hodi mlango huu, kompyuta imetega sikio mlango ule.

Akasahihisha tarakimu moja, akaijaribu mwenyewe, kisha akaenda kupiga magoti mbele ya baba yake, akakishika kile kidole.

"Nisamehe, Baba. Kosa ni langu. Kidole chako kizima."

"Kizima kweli?"

"Kuliko akili yangu."

Baba akacheka kwa pumzi ndefu. "Mwanangu, mimi nilishamshonea bwana harusi koti lenye mikono miwili ya kushoto. Kuteleza si kuanguka. Sasa tokeni wote. Nina barua ya kumwandikia mke wangu, sitaki achungulie."

Mama akaenda jikoni, akawasha jiko, akasimama palepale akitabasamu, asibandike kitu.