Mwisho Utasomwa Novemba

1.

Haya nimeyapata kwa mjukuu wangu Atuganile, Jumamosi ile ya kuamkia Pasaka, mvua ikiwa imetufungia jikoni. Yeye anamenya viazi, mie nachambua maharage. Ni mwalimu, mwaka wake wa kwanza, shule ya kata huko juu mlimani. Aliyatoa kidogo kidogo, kama mtu anayejitoa miba mguuni. Nami nayaweka vivyo hivyo, mwiba kwa mwiba.


2.

TANGAZO KWA WALIMU WOTE

(limebandikwa mlangoni pa ofisi, mvua imekula jina la shule na nusu ya muhuri)

Maazimio ya kazi ya mwaka mzima yawasilishwe kwa Mwalimu wa Taaluma kabla ya Ijumaa kuisha.

Somo lolote la hiari lisilo na vitabu vya kutosha wala mpango unaotekelezeka LITASITISHWA. Wanafunzi wake watahamishiwa Utunzaji wa Hesabu.

Walimu wanakumbushwa kuwa chai ni saa nne. Saa nne kasorobo si saa nne.


3.

Atuganile alisimama pale mlangoni akausoma ule mstari wa katikati mpaka chai ikaisha. Somo la hiari alilokuwa nalo ni moja: fasihi ya Kiingereza na uandishi, kidato cha tatu. Wanafunzi walikuwa wamejaa madawati mpaka dirishani. Riwaya ya kusoma mwaka ule ilikuwa kabatini, akaifuata, akafungua kufuli, akahesabu nakala.

Moja.

Mbili.

Tatu.

Akaingiza mkono nyuma ya globu iliyovunjika, labda kuna nyingine. Akatoka na vumbi.


4.

AZIMIO LA KAZI (la kwanza)

Januari: Kila mwanafunzi asome nyumbani sura ya kwanza hadi ya tatu.
Februari: Kila mwanafunzi, akiwa na kitabu chake, apigie mstari
Machi: Kila mwanafunzi

Mwalimu Ndunguru wa taaluma, mtu wa Songea asiyeweza kukaa bila utani, alilisoma miwani ikiwa kwenye paji la uso.

"Dada, hili umelitoa wapi?"

"Nililitumia nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, mwalimu. Kule mjini."

"Linanukia mjini. Sasa kitabu kikienda nyumbani kwa Bupe, Lusubilo asome nini? Jalada?"

"Watapeana zamu."

"Zamu hiyo wa mwisho atakisomea wajukuu wake."

Ofisi nzima ikacheka. Atuganile naye akacheka, maana aibu ukiichekea na wenzio hupungua uzito. Ndunguru akashusha miwani, na sauti nayo akaishusha.

"Mimi sitaki kulifunga somo lako, dada. Lakini Mkuu akiniuliza, nimwambie nini?"

Chuoni walimfundisha kupanga mwaka kana kwamba vitabu huota.


5.

*Mimi naitwa Sekela, kidato cha tatu. Baba alitaka nichukue Utunzaji wa Hesabu nikamsaidie dukani. Nikamwambia shule imenipangia fasihi. Shule haikunipangia. Nilijipangia mwenyewe. Likifungwa hili somo baba ataona nimerudishwa dukani na Mungu mwenyewe, na mimi nita*


6.

Alhamisi ni siku ya mazoezi ya kwaya usharikani. Utaratibu wa pale ni ule ule tangu zamani: sauti ya kwanza wanajifunzia barazani, sauti ya pili chumba cha mchungaji, ya tatu nyuma ya jiko, besi chini ya tangi la maji. Kila mmoja na kipande chake, hasikii cha mwenzake. Ukiisikia sauti ya pili peke yake utadhani watu wamekosea msiba.

Kisha mzee Ambakisye, mwalimu wa kwaya, anagonga benchi kwa funguo zake.

"Njooni tuunganishe."

Wakaja. Wakaunganisha. Wimbo ukasimama wima kama nyumba iliyopigwa paa.

Atuganile, sauti ya pili, akanyamaza katikati ya ubeti.

"Wewe, binti, umemeza nzi?"

"Hapana, mzee."

"Basi imba."

Hakuweza. Alikuwa anaiona riwaya yake chini ya tangi la maji, nyuma ya jiko, barazani.


7.

Wembe mpya.

Kalenda ya mwaka uliopita, ya majalada.

Sindano. Uzi wa gunia.

Nakala tatu mezani, zimelala kifudifudi.

Ukurasa wa kwanza, wino wa bluu: MALI YA SHULE. Akaufunika muhuri kwa kiganja, kama mama anavyomfumba mtoto macho sindano ya chanjo inapokuja.

Kra.


8.

*Mimi ni kipande cha tatu. Nimezaliwa katikati ya sentensi. Neno langu la kwanza ni "lakini", na sijui ni lakini ya nini. Mgongo wangu ni Agosti ya mwaka jana, tarehe zote zipo. Wananishika wawili wawili, mmoja anasoma, mwenzake anafuata kwa kidole. Nina mzee mmoja ndani yangu anayechimba kisima. Sijui alitoka wapi. Namwona tu akishuka shimoni, na*


9.

AZIMIO LA KAZI (la pili)

*Januari, Februari.* Riwaya ni vipande sita. Kila kundi lisome kipande chake tu, polepole, mara mbili, mara ya pili kwa sauti.

*Machi hadi Mei.* Makundi yasimuliane kwa Kiingereza. Aliyesoma asimulie, asiyesoma aulize mpaka aridhike. Asiyeridhika haketi.

*Julai, Agosti.* Uandishi. Kila mwanafunzi aandike sura ambayo hakuipata: ilikuwaje kabla, ilikuwaje baada. Hapa hakuna kosa la hadithi. Kuna kosa la sentensi tu.

*Septemba, Oktoba.* Wabadilishane vipande. Wajionee walivyosema kweli na walivyochapia.

*Novemba.* Kipande cha sita, ambacho mwalimu amekifungia kabatini, kisomwe na darasa zima, mlango ukiwa wazi.

Ndunguru alilisoma lote. Akarudi juu akalisoma tena.

"Na vitabu?"

"Sasa vinatosha, mwalimu."

Akamwangalia. Watu wa taaluma huwa wanajua wakati wa kuuliza na wakati wa kugonga muhuri. Akagonga. LIMEPOKELEWA.


10.

(Darasani. Kiingereza chao kinachechemea, na kikichoka wanakibeba kwa Kiswahili.)

"Kwetu mzee Odamo amekufa."

"Amekufaje, na kwetu anadai chakula?"

"Nyie ni kipande cha pili. Subirini, anakuja kufia kwetu."

"Basi msiba ni wenu. Sisi hatuchangi hata kuni."

"Huyu Adoma ni mjane au si mjane?"

"Ni mjane toka kwetu, kipande cha kwanza. Tulimzika mumewe sisi, mvua inanyesha."

"Kwa hiyo Barka ni nani?"

"Shemeji yake. Ndiye aliyewazibia njia ya kwenda chemchemi."

"Aa, ndiyo maana kwetu wanachimba kisima. Mie nilidhani ni vichaa."

Kurasa zinarudishwa nyuma.

"Mwalimu, na kipande cha sita kina nini?"

"Novemba."


11.

Kipande kimoja kilisahauliwa bombani. Mtu aliyekwenda kunawa mikono pale alikuwa Mkuu wa Shule, Mwalimu Kibona, mtu wa fizikia, aliyejisifu kwamba toka amalize chuo hajasoma kitu kisicho na jibu nyuma.

Akakiokota. Akafungua. Muhuri wa shule, na pembeni yake alama ya wembe.

> KWA: Mwalimu wa Fasihi ya Kiingereza
> YAH: KUCHANWA KWA MALI YA SHULE
> Unatakiwa kutoa maelezo kwa maandishi kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu, ukizingatia kwamba hujathibitishwa kazini. Somo lako limesimama hadi maelezo yapokelewe.

Limesimama. Siku hiyo hiyo kidato cha tatu waliambiwa wabebe madaftari wakakae nyuma kwenye chumba cha Hesabu. Sekela alilibeba lake kama mtu anayehama na kuku mmoja.


12.

Mimi, mwalimu mwenye jina hapo juu, nakiri kwamba

~

Napenda kukujulisha kwamba vitabu havikuchanwa bali

~

Mheshimiwa Mkuu, mtu akiwa na mkate mmoja na watoto wengi

~

Sikuwa na nia ya

~

~

Ni kweli nimevichana, kwa mkono wangu. Desemba nitavishona. Naomba kabla ya kuniadhibu uje darasani usikilize kipindi kimoja.


13.

Wewe unayesoma, usiharakishe. Kaa naye kidogo hapa. Barua imekwishaingia chini ya mlango wa Mkuu na haitoki tena. Atuganile yuko kwenye jiwe nyuma ya maabara, wembe ule ule mfukoni, uzi wa gunia mfukoni. Amekwishajua atakalomwambia mama yake. Amekwishapanga na maneno. Mvua ya mlimani inakuja kutoka upande wa mashamba ya chai, na hajanyanyuka.


14.

Mkuu alikuja.

Akakaa dawati la nyuma, magoti juu, Ndunguru pembeni yake na faili. Darasa likaganda. Atuganile salamu ilimtoka nusu. Alitaka kueleza: sauti ya pili, tangi la maji, makundi. Yote yakamponyoka. Akachukua funguo za kabati akagonga meza.

"Njooni tuunganishe."

Akasimama Bupe wa kundi la kwanza. Mume wa Adoma akafa, mvua ikanyesha, wakamzika. Kundi la pili likapokea: Barka akasema ua wa nduguye ni wake, akaziba njia ya chemchemi kwa miiba, na mzee Odamo akaja kuomba chakula akakuta hata maji hakuna, Adoma akamgawia kile kidogo alichokuwa nacho. La tatu: mzee akalipa ule ukarimu kwa jembe, akachimba, udongo ukamfuata shimoni. Hapo kundi la pili wakainamisha vichwa, maana walikuwa wamemzoea. La nne: Adoma akashuka mwenyewe, amejifunga kanga ya msiba, akachimba pale pale alipoishia mzee.

Sekela alikuwa wa tano. Kiingereza kilimtetemeka, akakisubiri kitulie.

Maji yakatoka. Kisha ukaja ukame. Chemchemi ya Barka ikakauka ikabaki tope, na tope likabaki nyufa. Watu wakaja kwa Adoma na ndoo. Akawapa. Wakaja wengine. Akawapa. Halafu jioni moja, nje ya lango, mtu mmoja peke yake, ndoo mkononi, kichwa ameinamisha.

Barka.

Sekela akaketi.

Mvua ilisikika juu ya bati.

"Kisha?" akasema Mkuu.

Bupe akamtazama Lusubilo.

"Nimeuliza, kisha ikawaje? Alimfungulia?"

Lusubilo akasimama, mikono nyuma, kwa heshima zote.

"Novemba, mwalimu."

"Novemba nini?"

"Mwisho utasomwa Novemba. Imo kwenye azimio."

Mkuu akamgeukia Ndunguru. Ndunguru alikuwa ameinamia faili kama mtu anayetafuta sindano.

"Imo, Mkuu. Muhuri nimegonga mwenyewe."


15.

Ofisini, chini ya barua ile ile, kwa kalamu nyekundu:

> Maelezo yamepokelewa. Somo liendelee. Vitabu vishonwe Desemba, na uzi usiwe wa gunia.

Atuganile akasoma *liendelee*. Akasoma tena *liendelee*. Akashika kona ya meza.

"Asante, mwalimu."

"Usinishukuru. Umechana vitabu." Mkuu akafunga kalamu, akaifungua, akaifunga. "Mwalimu. Mimi nina shemeji kama huyu Barka."

"Pole, mwalimu."

"Kamili, na ndoo yake. Sasa, baina yetu, lile lango—"

"Novemba, mwalimu."

"Mimi ni Mkuu wa Shule."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini wanafunzi watakuuliza, na wewe huwezi kuwadanganya."

Akatoa pumzi kwa pua, ndefu. Kwa mtu wa fizikia, hicho ni kicheko.

Nje, kidato cha tatu walikuwa wanarudi kutoka chumba cha Hesabu na madaftari yao. Hawakupiga kelele. Walitembea haraka tu, wakisukumana, kama ng'ombe walioonjeshwa chumvi. Sekela akapita mbele ya ofisi, akapiga goti kidogo, akaendelea.


16.

liendelee


17.

Basi. Haya ndiyo aliyonieleza, na alipofika hapo mabega yalimshuka, nikayaona yakishuka. Wiki zote zile alikuwa ameyabeba karibu na masikio.

Maharage yangu nilikuwa nimekwishamaliza. Nimebaki nayo mapajani, najifanya nachambua.

"Atu."

"Bee, bibi."

"Mie sisomi kwenu."

"Husomi, bibi."

"Na Novemba, kwa umri huu, ni mbali."

Akacheka. "Wewe nitakwambia, mke mwenzangu. Ila usimwambie mtu wa shuleni." Akaegemeza kichwa ukutani, pale penye joto la jiko. "Adoma alisimama nyuma ya lango. Akasikia ndoo ya Barka inagonga mawe. Akashika komeo. Halafu aka"

Nikangoja.

Chungu kikaanza kuchemka. Mvua ikapungua, ikawa matone ya migomba tu.

"Aka nini, mama?"

Alikuwa amelala. Kinywa wazi kidogo, kisu bado mkononi, na ganda refu la kiazi likining'inia halijakatika