Majibu Sifuri

Uliliona swali lake. Usijitie hamnazo. Uliliona asubuhi, kikombe mkononi, ukalipitisha kwa kidole gumba kama unafukuza nzi.

"Nani alikuwa ghalani siku rafu ilipomwangukia mdogo wangu?" Basi, hilo tu. Aliyeuliza ni yule mpakia mizigo tuliyempa jina la Msumari, maana akishika jambo hang'oki. Kampuni ilidai kijana alipanda rafu akicheza. Shauri ni Ijumaa, na Msumari hakuwa na shahidi hata wa dawa.

Simu yake ni ya vibonye. Chumbani ana kompyuta kuukuu iliyong'oka herufi M, na kwa kompyuta hiyo alijifundisha peke yake Python, lugha ya kuandikia programu. Akachukua maktaba moja, msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, ikawa inambishia mlango wa mtandao wa kijamii. Kila asubuhi programu ilitundika swali. Kila jioni ilimrudishia: Waliosoma 312. Majibu 0.

"Bado, mdogo wangu."

"Acha, kaka. Watu wana watoto wao," alijibu mgonjwa, uso ukutani.

Jumatano Msumari aliupekua msimbo wake mstari kwa mstari, kama atafutaye chawa kwenye pindo. Wa kumi na tisa aliuandika mwenyewe, kukwepa picha za upuuzi: jibu lisilo na maandishi, litupwe. Akaufuta. Akaiendesha programu upya.

Majibu 11. Yote ya sauti, yote ya mama mmoja.

"Baba, mimi mfagiaji wa ghala. Kuandika sijui, ila macho ninayo. Bolti zililegea wiki nzima, msimamizi tukamwambia." Akataja namba yake ya simu. La tano: "Mbona kimya? Au sauti ya mfagiaji ina vumbi?" La mwisho: "Haya. Nilidhani tuko wawili."

Siku kumi na moja! Na aliyemgeuzia mama wa watu kisogo ni yeye, bingwa wa kulaumu wanaogeuza visogo. Akampigia.

"Mama, nisamehe. Nilikutupa mimi."

"Ulinitupa vibaya, nimerudi." Akacheka. "Lakini baba, watasema mwanamke wa ufagio ana kinyongo. Zamu ile tulikuwa arobaini. Wenzetu wako wapi?"

Jibu unalo wewe, uliyekuwa zamu ile.

Mama naye anaogopa, na kazi anayo hiyo moja tu. Leo Alhamisi. Swali bado limetundikwa, mstari wa kumi na tisa haupo. Andika. Huwezi kuandika, sema. Shika simu sasa hivi, kabla hujaiweka chini karatasi hii.